Usonji na tarehe 20 ya kila mwezi

Afisa utumishi aliweka kalamu juu ya faili langu, akanitazama usoni, akauliza: "Sasa mdogo wangu, huu ni ugonjwa au ni tabia?"

Hakuuliza kwa kejeli. Ni mama mpole, anayewaombea watu ruhusa hata pale wakubwa walipokwisha kukataa. Alitaka kujua aandike nini. Ugonjwa una fomu yake, inayodai cheti cha daktari. Tabia nayo ina fomu yake, inayodai maelezo ya mfanyakazi na saini ya mkuu wa idara. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemwambia kwamba nina usonji (autism), yaani akili yangu inapokea watu, sauti na mwanga kwa namna tofauti na wengi, kwamba kazi inanielemea hadi sauti inakauka, na kwamba kuna mambo nahitaji yabadilishwe.

Nilitafuta jibu, sikulipata. Nikasema, "Ahsante, mama," nikatoka.

Swali lake limekaa nami wiki kadhaa. Nimelala nalo, nimepanda nalo mwendokasi, nimesimama nalo kwenye swala. Kama mimi mwenyewe siwezi kulijibu, nani atalijibu?

Kazi yenyewe sina ugomvi nayo

Jinsi nilivyokuja kuujua usonji wangu ukubwani nilishaandika, sitarudia. Leo nasema juu ya kazi.

Mimi ni mhasibu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi zetu ziko Posta, Dar es Salaam. Tarehe 7 kodi ya mishahara iwe imeshafika TRA, mamlaka ya mapato. Tarehe 20 ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani. Wenzangu wengi wa fani hii tarehe hizo huwanyima usingizi. Mimi nazipenda. Zinajulikana mwaka mzima, wala hazisogei kwa sababu mkubwa fulani kaamka vibaya. Hesabu zikikataa kulingana, nikazifuata mstari kwa mstari mpaka nikaikuta ankara iliyoingizwa mara mbili, mwili wangu wote hutulia. Kama kuna mahali ninapojisikia niko kwetu, ni hapo.

Kinachonimaliza ni yale yasiyo na tarehe.

"Njoo mara moja." Simu ya mezani inayolia wakati nimeshika tarakimu kichwani. Kuambiwa asubuhi kwamba kuanzia leo unakaa meza ile pale, karibu na mlango. Mteja anayeingia tarehe 19 jioni na mfuko wa risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zilizofifia, akitaka zote ziingie kwenye ritani. Kikao kilichoitishwa bila kusemwa ni cha nini.

Halafu chumba chenyewe. Meza zimebanana, juu kuna taa ndefu za dari, na ile ya kwangu inapepesa. Kiyoyozi kinanguruma. Nyuma yangu wanabishana Simba na Yanga, mbele yangu mtu anafungua chipsi mayai, mlangoni dereva amesimama anadai posho ya safari. Wenzangu husikia yote hayo kwa mbali, wakaendelea na kazi. Kwangu hakuna cha mbali. Mlio wa taa, jina langu likiitwa, kelele za mpira, vyote vinaingia kwa nguvu ileile, na mimi ndiye wa kuvichambua kimoja kimoja kutwa nzima huku naandaa ritani.

Jambo hili halikuwa likihesabiwa. Mwongozo ambao madaktari wa Marekani hutumia kutambua usonji uliingiza suala la milango ya fahamu katika vigezo vyake mwaka 2013 tu, kwenye toleo la tano. Watu walikuwa wameumizwa na taa na kelele siku zote hizo.

Salamu ni nyepesi, utani ndio mzito

Nasoma maandishi ya watu wenye usonji wa Ulaya na Marekani, na wengi wanalalamika juu ya maongezi madogo madogo ya asubuhi. Mimi hapo sina taabu. Shikamoo, marahaba. Za nyumbani, salama. Watoto hawajambo, hawajambo. Kila swali limezaliwa na jibu lake. Nashukuru kwa moyo wote kwamba nimelelewa katika lugha inayompa mtu jibu mkononi kabla hajaulizwa.

Salamu zikiisha ndipo shughuli inapoanza.

Mimi ni Mnyamwezi, na ofisini kuna Wazaramo. Kwa hiyo nina watani, na watani wangu ni watu wema. Siku moja, asubuhi ya tarehe 20, mmoja wao aliingia akatangaza mbele ya chumba kizima kwamba TRA wamerudisha tarehe nyuma, ritani ilitakiwa jana, na faini atakatwa Mnyamwezi. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshaganda. Nilikuwa napiga hesabu ya faini, natafuta nani wa kumpigia, mikono inatetemeka. Nilipoelewa kuwa ni utani nikacheka, lakini kicheko kilichochelewa kinaonekana. Akaniuliza, "Vipi mtani, umekasirika?"

Hakunikosea. Utani ni mapenzi, na mtu asiyetaniwa ofisini ni mtu asiyependwa. Ninachosema ni kwamba mapenzi hayo yalinigharimu asubuhi nzima, na hakuna aliyeiona gharama hiyo, hata yeye.

Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya mtu mwenye usonji na asiye nao kuna pande mbili. Mimi simsomi mtani wangu vizuri, naye hanisomi. Tofauti ni kwamba yeye hatakiwi kufanya mazoezi ya kunisoma. Mimi hufanya kila siku, tangu kituoni Kimara: leo nikikutana na bosi nitabasamu kiasi gani, nikiulizwa habari za wikiendi nitasema nini, macho niyaweke wapi. Nikifika Posta nimeshafanya kazi ya kwanza, na hiyo haina mshahara.

Nilipoishiwa

Mwezi wa sita wakaguzi wa hesabu walikuwa ofisini. Wageni, maswali ya papo kwa papo, mafaili yanahamishwa kutoka mahali nilipoyapanga, na kodi ya mwezi nayo inasubiri. Nilikuwa nachelewa kutoka, narudi nyumbani nakaa gizani bila kuwasha chochote.

Kwanza ilinikataa simu. Inaita, naitazama, mkono hauendi. Kisha ikanikataa sauti. Naulizwa jambo ninalolijua, maneno yapo, hayatoki. Kisha chakula, ikawa wali mweupe tu, kingine chochote kikifika mdomoni nahisi kutapika. Jioni moja nilisimama kituoni nikayaacha mabasi yanapita moja baada ya jingine, kwa sababu nilishindwa kuamua nipande lipi, na yote yalikuwa yanakwenda Kimara.

Mwisho zikanikataa hesabu. Nilijumlisha safu moja fupi, kila mara ikaja jibu tofauti.

Hapo niliogopa kweli.

Nilimpigia mama Tabora. Akasema nililojua atasema: "Vumilia mwanangu, kazi ndivyo zilivyo." Akaomba nisomewe dua, nikakubali, na usiku ule nililala. Mama yangu ameuza vitumbua barabarani miaka mingi ili nisome uhasibu. Akisema vumilia, anajua anachosema. Kilichonisumbua ni kwamba mimi nilikuwa nimevumilia tayari. Kuvumilia ndiko kulikonifikisha pale.

Mwaka 2020 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Dora Raymaker waliwahoji watu wazima wenye usonji juu ya hali hii, na wakaieleza kwa mambo matatu: uchovu usioisha, kupoteza uwezo ambao mtu alikuwa nao, na kushindwa kuvumilia sauti, mwanga na vurugu kuliko awali. Hudumu miezi, wakataja mitatu na zaidi. Chanzo, kwa maneno ya waliohojiwa, ni mizigo ya maisha, pamoja na ule wa kuficha usonji wao, kuzidi uwezo wao bila msaada wa kutosha. Nilisoma ukurasa ule mara nyingi. Safu yangu fupi ya tarakimu ilikuwa mle ndani.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeutaja uchovu mkali wa kazini, likasema wazi kwamba hauhesabiki kuwa ugonjwa. Ni jambo linalotokana na kazi, pale msongo wake usiposhughulikiwa. Sisemi huo na huu wa kwetu ni kitu kimoja. Lakini nilipolisoma hilo nilianza kuhisi kwamba swali la afisa wetu lilikuwa limeacha kitu nje. Liliuliza juu yangu tu. Halikuuliza juu ya chumba.

Siku 126

Rafiki yangu mwanasheria alinishauri nichukue likizo ya ugonjwa, na akanikumbusha kilichoandikwa kwenye sheria ya ajira ya mwaka 2004: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Daktari angeniandikia. Nilifika mpaka mlangoni kwake.

Lakini nikajiuliza, nikikaa nyumbani nikapona, narudi wapi? Kwenye taa ileile.

Kulikuwa na njia ya pili, nayo ilinipa shida zaidi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kampuni yetu inaingia humo. Je, mimi ni mmoja wao? Kuna kijana wa masjala anayetembea kwa magongo, anayepanda ngazi kila lifti ikiharibika. Nikijiita mlemavu mbele yake, nitakuwa nachukua nafasi ya nani? Niliona haya. Nikaona kama nimekwenda kujaza kibaba changu kwenye pishi la mwingine.

Nikaisoma sheria yenyewe. Inaeleza ulemavu kuwa ni kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawasawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Kijamii. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, katika ibara ya 27 unazitaka nchi zihakikishe mfanyakazi mwenye ulemavu anafanyiwa marekebisho yanayofaa mahali pa kazi. Yule kijana anahitaji lifti itengenezwe. Mimi nahitaji taa izimwe. Hakuna anayemnyang'anya mwenzake.

Hata hivyo ile aibu haikuondoka yote. Nasema kweli.

Fundi redio

Wengi wetu tukitafuta mfano wa mtu mwenye usonji aliyefanya kazi hadi uzeeni tunafikia kwa Donald Triplett. Ndiye wa kwanza kati ya watoto 11 ambao daktari Leo Kanner aliwaeleza katika makala yake ya mwaka 1943. Alizaliwa Forest, mji mdogo wa Mississippi, akafanya kazi benki ya mjini hapo miongo kwa miongo, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Mji mzima ulimjua na kumchukua alivyo. Habari yake ilinipa moyo, kisha ikanivunja moyo, kwa sababu benki ile ilikuwa mali ya ukoo wa mama yake. Sisi wengine tutaipata wapi benki ya ukoo?

Nilikuwa na mawazo hayo jikoni, nikamkumbuka mjomba.

Mjomba wangu alikuwa fundi redio Tabora. Alikaa chumba cha nyuma, dirisha moja, harufu ya lehemu, redio zimepangwa rafuni kwa namna zilivyofika. Wateja hawakumwona. Mbele, chini ya mwembe, alikaa mkewe akiuza maandazi. Yeye ndiye aliyepokea redio, akasikiliza malalamiko, akafunga kikaratasi chenye jina la mtu, tatizo, na siku ya kuja kuchukua. Siku hiyo mjomba ndiye aliyeipanga, naye hakuivunja kamwe. Ukimletea redio ya mkubwa wa wilaya, nayo ilipanga foleni. Watu walimwita mtu wa peke yake, wakaishia hapo. Walitoka mpaka Urambo kumletea redio.

Sisemi alikuwa na usonji. Hakupimwa, na sasa hayupo.

Ila ule mpango wao niliuona kwa macho yangu tangu utotoni: meza nyuma, mtu wa kupokea watu mbele, maagizo kwenye karatasi, siku ikajulikana. Mkewe hakuwahi kuuliza kama ni ugonjwa au ni tabia. Aliuliza meza ikae wapi.

Nikakaa chini nikaandika barua.

Barua

Niliiandika kwa mhasibu mkuu, nakala kwa afisa utumishi. Niliomba taa ya juu ya meza yangu izimwe, nitumie taa ya mezani nitakayokuja nayo mwenyewe. Niliomba kazi za kwangu ziandikwe, hata kwa WhatsApp, na siku inayotakiwa itajwe. Niliomba risiti za wateja zisipokelewe baada ya tarehe 12. Niliomba simu za wateja apokee mwenzangu ninayekaa naye, na mimi nimpunguzie kuingiza hati za malipo, kazi asiyoipenda na mimi naiweza kwa haraka. Na niliomba siku moja kila wiki nifanyie kazi nyumbani.

Neno usonji sikuliandika.

Mhasibu mkuu aliniita, barua mkononi. "Kumbe ni haya tu?" akasema.

Haya tu. Nilifurahi, na palepale nikasikia uchungu, nikikumbuka yote yaliyopita kwa ajili ya haya tu. Taa ilizimwa siku ileile. Mwenzangu wa simu alikubali kabla sijamaliza kueleza. Kumbe hati za malipo zilikuwa zinamtesa kuliko nilivyodhani. Kazi ya nyumbani imekataliwa, mafaili hayatoki ofisini, na nimeelewa. Tarehe 12 wateja bado wanaivunja, na mhasibu mkuu mara anasimama imara, mara analegea ikitegemea mteja ni nani. Hilo bado tunavutana.

Mengine ni ya kwangu. Natoka nyumbani kabla ya alfajiri kukucha vizuri, niwahi basi lisilosukumana. Navaa vizibo vya masikio chini ya ushungi, haviwasumbui watu wala havihitaji maelezo. Adhuhuri naswali kwenye chumba kidogo karibu na stoo, na baada ya swala nabaki nimekaa pale kimya. Ni mapumziko ambayo ofisi nzima inayaheshimu bila kuuliza. Msibani nakwenda jikoni moja kwa moja, nakatakata vitunguu, nakuwepo bila kulazimika kukaa mkekani. Tarehe 21 siendi kokote, na dada zangu wanajua wasinipigie. Mtani wangu nimemwomba jambo moja: asinitanie kwa tarehe. Kila kitu kingine anitanie tu. Ameitikia, na amezidisha.

Sijapona yote. Sauti imerudi, hesabu zimerudi. Chakula bado kinachagua siku.

Lililobaki

Barua ile ilifanikiwa, na mafanikio yake ndiyo yanayonisumbua sasa. Ilipita kwa sababu haikuwa na jina? Mara ya kwanza nilikwenda na jina bila maombi, nikaulizwa ugonjwa au tabia. Mara ya pili nilikwenda na maombi bila jina, nikapewa. Mimi naweza kuficha jina. Uso wangu umefunzwa miaka mingi. Je, yule asiyeweza?

Kuna mama aliniandikia. Kijana wake yuko kidato cha pili, anapenda namba, hatazami watu machoni, akisikia kelele anajipiga kichwani. Anauliza kama kuna siku ataajiriwa. Kila tarehe 2 Aprili tunazungumzia watoto wenye usonji, tangu siku hiyo ianze kuadhimishwa duniani mwaka 2008. Watoto wa mwaka huo sasa wanatafuta kazi. Wakifika kwenye ofisi kama yetu watakuta nini? Watakuta kwamba hakuna mtu mwenye usonji aliyewahi kufanya kazi hapo, kwa mujibu wa mafaili.

Na si kweli. Nipo.

Kila mwaka tunajaza upya fomu ya taarifa za mfanyakazi. Ina swali: Je, una ulemavu? Ndiyo, Hapana. Chini yake kuna orodha: viungo, uoni, usikivu, ngozi, halafu nafasi ya "nyingine, eleza". Miaka yote nimeweka alama kwenye Hapana, haraka, bila kuisoma orodha. Fomu ya mwaka huu iko kwenye droo yangu, na inarudishwa mwisho wa mwezi.

Nimeshaamua. Nitaweka alama kwenye Ndiyo, kwenye nafasi ya kueleza nitaandika usonji, na nitaambatisha nakala ya ile barua, ili atakayelifungua faili langu akute jina na mahitaji yake kwenye ukurasa mmoja. Nitaipeleka mwenyewe kwa afisa utumishi. Akiuliza tena, nitamwomba twende tukaangalie chumba.